Maji Safi Kupita Kiasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Waziri alinawa mikono hadi viwiko, kisha akashuka bwawani kumsaidia mama yake. Jina la Waziri alibandikwa na kaka yake, kwa sababu tangu achaguliwe mwenyekiti wa klabu ya afya shuleni, nyumbani hapakukalika. Kucha alikagua yeye, vikombe alikagua yeye, na hata jogoo aliwahi kutimuliwa jikoni kwa kukosa usafi.

Mama yake alifuga kambamiti katika mabwawa mawili. Msimu uliopita walidumaa, na wengi wakafa kabla ya kuvunwa. Ndipo mtaalamu wa ufugaji, dada mmoja mchangamfu aliyekuja kwa pikipiki, akamletea pakiti za unga wa kahawia.

"Humu mna bakteria hai, Mama," alieleza. "Wakifika kwenye utumbo wa kambamiti, wanasaidia chakula kisagike vizuri, na wanawabana bakteria wa magonjwa wasipate nafasi. Asubuhi koroga unga kwenye ndoo ya maji, tia molasi kidogo, ile shira nyeusi ya miwa, uyaache yachache na kutoa povu. Jioni nyunyizia chakula maji hayo, kiache kikauke kivulini, kisha lisha. Bwawa moja lipe, la pili liache bila, tuone tofauti."

Wafugaji wote wa kikundi cha Mama walikubaliana kusubiri matokeo yake kabla ya kuamua kununua.

Kazi ya ndoo alikabidhiwa Waziri, naye aliipokea shingo upande. Bakteria! Yeye aliyewafundisha wenzake kuwaangamiza, leo awakorogee uji? Akaona angalau maji yenyewe yawe safi. Kila asubuhi alitia kwenye ndoo kifuniko kizima cha dawa ya kutibu maji ya kunywa, ndipo akaongeza unga. Hakumwambia mtu, maana hakuona kosa lolote. Kwa kweli alijiona amemzidi mtaalamu maarifa.

Wiki nne zikapita. Mama alivua kambamiti wachache kila bwawa, akawapima kwenye mizani. Uzito ulikuwa ule ule. Walikuwa wadogo na wembamba, bwawa hili na lile.

"Tumechezewa shere!" Mama alifoka. "Jumamosi nitasema mbele ya kikundi chote. Huyu dada asikanyage tena hapa."

Jumamosi mchana wafugaji walijaa kando ya bwawa, na mwenyekiti wao alikuwa tayari na karatasi ya kuandika barua ya kumkataa mtaalamu. Mtaalamu hakubishana. Aliinama, akafunua ndoo iliyokorogwa asubuhi, akainusa.

"Haina povu, wala haijachacha," alisema polepole. "Bakteria wamekufa. Labda pakiti zilipigwa na jua nilipozibeba kwenye pikipiki. Basi kosa ni langu, niwieni radhi."

Waziri aliikodolea macho ndoo. Wamekufa! Na ile dawa ya maji kazi yake ni nini, kama si kuua bakteria? Alitazama huku na huku. Hakuna aliyemshuku, na mwenyekiti alikwisha shika kalamu. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo, na dada wa watu angekosa kazi. Aliona aibu, lakini alijitokeza mbele.

"Si jua, Dada. Ni mimi," alisema. "Kila siku nimekuwa nikitia dawa ya maji kwenye ndoo. Nilidhani ninasafisha."

Kisha mzee mmoja akaangua kicheko. "Loo! Waziri amewamaliza wananchi wake!" Watu wote wakacheka, hata mwenyekiti, akakunja karatasi yake.

Mtaalamu alikoroga ndoo mpya palepale kwa maji ya mvua yasiyo na dawa. Hadi jioni povu lilikuwa limefunika juu, na harufu ya kuchacha ilisikika. Mama akamwomba radhi mbele ya wote, na wakakubaliana kuanza jaribio upya. Waziri mwenyewe aliomba aachiwe kazi ya ndoo, na safari hii alisoma maelezo ya pakiti neno kwa neno.

Baada ya wiki nne nyingine, mizani ilitoa jibu. Kambamiti waliopewa bakteria walikuwa wazito kuliko wenzao, wachangamfu, na utumbo wao umejaa chakula. Kabla jua halijatua, kila mfugaji alikuwa ameomba pakiti zake.

Waziri alisimama karibu na mizani, amefurahi lakini bado ana soni. Mama akamshika bega.

"Mwanangu, usafi wako naupenda," alisema. "Ila jambo usilolielewa, uliza kwanza kabla ya kulirekebisha. Mimi nami nilikosea, nilimhukumu mtu bila kuchunguza. Siku ile ungenyamaza, tungemfukuza mtu aliyekuja kutusaidia, na mabwawa haya yangeendelea kutoa kambamiti wanaokufa. Kambamiti hawa tunawala kwa sababu ulisema kweli."

Kisha akampa wavu, wakaingia bwawani pamoja kuvuna.