Koti Lako Liko Ndani

"Mwambie tunamwachilia aende," alisema Bwana Whitlock, bosi wetu Mwingereza, macho yamezama kwenye kikombe chake cha kahawa.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu. Ila maneno hayo nilikuwa nayajua. Aliyenifundisha ndiye huyohuyo aliyekaa kati yetu, Emőke, mkalimani wa kiwanda, mwanamke wangu, mwaka wa pili sasa. Jana yake tu jioni tulikula lecsó, mchuzi wetu wa pilipili hoho na nyanya, kwenye sufuria moja jikoni kwake.

Akanitazama kifungo cha shati. Usoni hakuthubutu.

"Bwana Lőrinc," akasema kwa Kihungaria chetu, "kampuni imeamua kukufukuza kazi."

Bwana! Jamani, mimi leo ni Bwana.

"Tangu lini unajua?" nikamuuliza.

"Hilo silitafsiri."

"Si la kutafsiri. Nakuuliza wewe. Tangu lini?"

"Jumatatu."

Leo ilikuwa Alhamisi. Nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Miaka yote hii nimefunga viti vya magari, mgongo umepinda, magoti yanalia kila nikishuka ngazi, na habari yangu imelala kwenye kitanda cha mpenzi wangu tangu Jumatatu.

Whitlock akasukuma karatasi mbele yangu na kuongea maneno mengi. Emőke akayaleta kwa sauti isiyo na chumvi.

"Anasema ni utaratibu tu. Makubaliano ya pande mbili. Mnaachana kwa amani."

Karatasi hiyo kila mtu hapa mjini Kecskemét anaijua. Ukiisaini, umeondoka kwa hiari yako, na kiinua mgongo unakiaga palepale. Mzee Dezső, mwenzangu kiwandani, alikuwa ametoka chumba hichohicho kabla yangu. Alikuwa amesaini. Alinipita mlangoni bila kuniona.

Nikachukua kalamu. Nitabishana na nani? Nilitaka kutoka mle ndani tu.

"Usisaini," akasema Emőke.

Kalamu ikasimama.

"Usisaini, Lőri. Wakikufukuza wenyewe, watakulipa. Ukisaini hupati kitu."

Whitlock akainua uso. Akamuuliza jambo. Emőke akamjibu kwa Kiingereza, taratibu, neno baada ya neno, nami nikaona shingo ya yule bwana inageuka nyekundu. Sikungoja. Nikaweka kalamu mezani, nikatoka.

Sasa niwaambie habari ya koti, maana bila koti hamtanielewa.

Majira ya baridi yaliyopita nilimkuta Emőke kajiinamia mezani, anapiga miayo kama mtu aliyetoka zamu mbili.

"Kumetokea nini, mama?"

"Nimefukuza watu siku nzima."

"Wewe? Si bosi?"

"Bosi anasema, mimi ndiye ninayewaambia. Nyuso wananionyesha mimi." Akajimiminia pálinka kidogo, ile pombe yetu kali ya matunda. "Waingereza wana maneno, Lőri, we acha tu. Tunakuachilia. Tunakupumzisha. Nafasi yako haipo tena. Nakaa nalitafutia kila moja mwenzake wa Kihungaria, tena mpole mpole. Likishafika kwa mtu linageuka lilelile, kirúgtak. Umepigwa teke, toka."

"Hawana la wazi?"

"La mtaani wanalo. Wanasema mtu kapewa gunia. Eti zamani fundi akiondolewa alikabidhiwa gunia la vifaa vyake."

"Ah! Basi kama sisi na koti."

Akacheka, mara ya kwanza siku ile. Huku kwetu uwandani, zamani, kijana akienda kuposa aliacha koti lake la sufu kwa kina binti, kana kwamba amesahau. Asubuhi akilikuta bado ndani, amekubaliwa. Akilikuta limetundikwa barazani, alichukue aende zake, hakuna haja ya kuulizana. Ndiyo maana mpaka leo hata mtu akifukuzwa kazi tunasema katolewa koti nje.

Tangu jioni ile nikaanza kuacha koti langu kwa Emőke. Mwanzo ulikuwa utani. Baadaye haukuwa utani, na yeye alijua. Lakini ameshaachwa na mume mmoja, hataki kuharakishwa. Kila mara alinifuata nalo mpaka getini.

"Umesahau koti, Lőri."

"Sijasahau."

"Chukua. Nje baridi."

Jana yake, usiku ule wa lecsó, hakunifuata. Nilifika getini, nikageuka, mlango umefungwa. Nikarudi kwangu na sweta tu kwenye ukungu wa Novemba, natetemeka, nacheka peke yangu barabarani kama mwehu. Nikajua nimekubaliwa.

Na leo ndiyo hii.

Nilikaa kwangu mchana kutwa bila kuwasha moto. Jambo moja lilikuwa linanila. Alipolipokea lile koti, alikuwa anajua kuwa kesho nafukuzwa. Basi si mapenzi. Kanionea huruma, kama mtu anavyompa mgonjwa supu.

Simu yake ikaingia. Sikupokea. Ikaingia tena. Nikamwandikia ujumbe:

"Nitundikie koti langu nje. Nitalipitia. Sitagonga."

Hakujibu.

Jioni nikaenda. Ukungu umeshuka, mbwa wa jirani ananibwekea kama hanijui. Nikafungua geti polepole, nikaangalia msumari wa barazani.

Mtupu.

Nilisema sitagonga. Nikagonga.

Emőke akafungua. Macho yamevimba, nywele hazijachanwa.

"Koti langu liko wapi?"

"Ndani."

"Si nilikuandikia ulitoe?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Sasa nini? Leo nimewatoa watu tangu asubuhi, Lőri. Mzee Dezső kanilia pale mezani, nikamtafsiria bosi na kilio. Nimechoka. Sitoi tena mtu, sitoi hata koti. Ukilitaka, ingia ulichukue mwenyewe."

"Ulinificha."

"Nilikuficha, ndiyo. Walisema neno likitoka, na mimi naondoka. Niliogopa. Ukitaka kunisema, niseme."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi. Nikabaki na moja.

"Jana ulilipokea kwa huruma."

"Huruma?" Akanikazia macho. "Wewe mwanaume una akili kweli? Mtu nikimwonea huruma nampelekea keki. Hilo koti linanuka mafuta ya mashine nyumba nzima! Jumatatu bosi alipotaja jina lako, nilisahau sentensi nzima. Miaka yote sijawahi kusahau sentensi. Akarudia mara mbili, simsikii. Hapo ndipo nikajua sina ujanja, nakupenda. Ungekuja na kazi ungebaki, ungekuja bila kazi ungebaki. Ndiyo maana sikukufuata."

Nikashindwa kumtazama. Nikatazama msumari.

"Na leo ulimwambia nini yule bwana, mpaka akawa mwekundu vile?"

"Aliniuliza nimekuambia nini. Nikamtafsiria. Kazi yangu si ndiyo hiyo?"

"Halafu?"

"Halafu akaniambia ananiachilia niende."

Nikamsogelea.

"Emőke. Wamekufukuza?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya mdomo wangu."

"Na wewe nani alikutafsiria?"

"Hakuna," akasema. "Nilimwelewa mwenyewe."

Nikamshika mabega. Alikuwa wa baridi, na mimi wa baridi, hata sijui nani alikuwa anampasha joto mwenzake. Alilia kidogo, kwa uchovu zaidi, kisha akajifuta na kiganja.

"Utasimama hapo mpaka lini? Moto unazimika."

"Ulisema niingie nilichukue."

"Nilisema ukilitaka."

Nikaingia. Koti langu lilikuwa nyuma ya mlango, kwenye kulabu moja na lake, mikono imebanana. Nikanyoosha mkono. Yeye kasimama jikoni na mwiko, ananitazama.

Nikavua na sweta, nikalitundika juu ya koti.

"Ile lecsó ya jana ilibaki?"

"Ilibaki," akasema, akasogeza sufuria motoni. "Kaa. Nakupashia."