Usufi wa Mwanahija

Jamani, leo lazima niwaambie...

Meseji iliingia kwenye simu ya mume wangu, mwenyewe yuko bafuni. Nikachungulia kidogo tu. Mnajua macho ya mke yalivyo.

"Theluji itakuwa nyingi Januari? Nina hamu nayo."

Juu yake, jina: MWANAHIJA.

Glasi ya juisi ya ukwaju ikaniponyoka!

Msinielewe vibaya. Wivu ninao, tena mwingi, lakini huu haukuwa wivu. Mwanahija ni mke wa kwanza wa Farhan... na ni marehemu! Kaburi lake liko Miono, mimi mwenyewe nimelipalilia.

Sasa nani anauliza habari za theluji?

Mwenzenu naitwa Hajra, mtoto wa Chalinze, nimeolewa Bagamoyo. Farhan anatembeza watalii, na Kijapani anakiongea utadhani kazaliwa nacho. Mgeni wake mmoja wa zamani ana nyumba ya wageni Nozawa, huko Japani milimani. Akatualika twende tukateleze kwenye theluji.

Tulishazama kwenye mipango. Twende kwake Nozawa, au Hakuba, mji mwingine wa theluji? Mteremko upi unawafaa wanaoanza? Viatu tutakodi kule kule, makoti tumepata ya mtumba. Mama yangu alinicheka kwenye simu: "Kuteleza? Si uje Chalinze masika, uteleze bure bila viza!"

Ndiyo safari ambayo marehemu alikuwa anaiulizia.

Nikaifungua simu. Najua, mtasema simu ya mume haishikwi. Semeni!

Farhan: "Tumechagua Nozawa. Januari nakupeleka, nilikuahidi."

Mwanahija: "Hajra je?"

Farhan: "Anakuja. Hajui kama na wewe umo."

Miezi yote hiyo najiona kule mlimani na mume wangu, wawili tu, kumbe tuko watatu!

Ama Farhan kamficha mwanamke nyuma ya jina la marehemu, ama... La pili sikuthubutu kulimaliza.

Nikachukua simu yangu, nikaipiga ile namba.

Ikaita.

Na mimi nikaisikia inaita ndani ya nyumba yangu!

Chumba cha nyuma... cha mama mkwe.

Nilisukuma mlango bila hodi. Bi Maulida alikuwa juu ya mswala, ametoka kuswali alasiri, simu ya kitochi inaita mapajani.

"Mama! Hiyo laini ya nani?"

Akakifunika kitochi kwa ushungi.

"Mama, nakuuliza kwa heshima zote..."

"Ya Mwanahija." Machozi yakamtoka. "Nisitiri, mwanangu."

"Kumbe ni wewe unayemjibu Farhan?!"

"Baada ya arobaini watu walisema basi, tusimtajetaje, tumwache apumzike. Nyumba ikawa kimya. Farhan hali, halali. Siku moja meseji yake ikaingia kwenye hiki kitochi cha marehemu. 'Upo?' Nikamjibu, 'Nipo.' Kesho yake akala wali, Hajra. Akala na kuongeza!"

"Na wewe ukaendelea?"

"Ningemfisha mkewe mara ya pili vipi?"

Nikakaa chini pembeni yake, na ile hasira niliyoingia nayo sikuiona tena.

"Mama."

Farhan! Amesimama mlangoni, taulo shingoni.

"Nilijua kuwa ni wewe," akasema taratibu.

"Tangu lini?!" Mama mkwe akashtuka.

"Tangu mwanzo. Nilikuuliza unataka kuona nini Japani. Ukajibu theluji."

"Si ndiyo aliyokuwa anaitaka?"

"Ndiyo. Lakini Mwanahija hakuwahi kuiita theluji. Baba yake alikuwa mshona magodoro. Alipoiona kwenye video akasema, 'Huo si usufi huo!' Tangu siku hiyo ikawa usufi. Neno letu, mimi na yeye tu."

Bi Maulida akajifuta uso na ushungi. "Sasa kwa nini uliendelea kuniandikia?"

"Kwa sababu na wewe ulikuwa huli, Mama."

Nyie! Nililia mimi ambaye hata sikuwahi kumwona huyo Mwanahija.

Farhan akanigeukia. "Nilitaka tukifika Nozawa nimwandikie, 'Umeshafika, pumzika.' Yaishe, na Mama apumzike. Niliogopa kukwambia. Ungeona unasafiri na maiti."

"Ungeniambia. Ningemtafutia na yeye koti."

Akacheka huku analia.

Mama mkwe akanipa kile kitochi. "Kizime, mwanangu. Inatosha."

Nikakizima. Nikatoa betri, nikachomoa laini, nikaifumba kiganjani, wote wananiona.

Tukakaa pale pale tukimtaja Mwanahija kwa sauti. Pilau lake lililokuwa haliishi kuungua. Kicheko chake cha kusikika hadi kwa jirani. Roho yangu ikatulia kabisa. Nikajiambia, haya, sasa mume nimempata mzima.

Ndipo simu ya Farhan, niliyokuja nayo, ikalia.

MWANAHIJA: "Njooni basi. Usufi umejaa tele."

Nikafumbua kiganja. Laini ilikuwa pale pale!

"Audhubillahi!" Bi Maulida akarudi nyuma mpaka ukutani. "Hajra, wallahi neno hilo ndiyo kwanza nalisikia leo!"

Farhan akaichukua simu mkononi mwangu. Aliisoma ile meseji, akairudia, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Bado unataka kwenda?"

Mngekuwa nyie mngejibuje?

Haya nawaandikia nikiwa Nozawa. Nje ya dirisha ni kweupe mpaka macho yanauma. Jana tumejifunza kuteleza, nimeanguka mpaka nikawachekesha watoto wa Kijapani. Leo Farhan ameomba atoke peke yake.

Namwona kutoka hapa. Theluji imemfika magotini, na mdomo wake unacheza. Anaongea. Sasa hivi amecheka, kisha akanyamaza, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

Naogopa, sitawaficha. Lakini sijatoka kumwita.

Ndugu zangu, mfiwa mwacheni amtaje mtu wake. Amtaje kwenye chakula, amtaje barazani, arudie kisa kile kile mpaka mchoke. Msimwambie basi. Mkimnyamazisha atatafuta wa kuongea naye... na hamjui ni nani atakayemjibu.