Magoti ya Kwenye Simu

Kisa hiki ni cha kweli tangu herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa kwa pensheni yangu, na anayenijua anajua hicho ndicho kitu pekee nisichokifanyia mzaha. Nimekaa kwenye mitambo ya simu miaka thelathini na mmoja nikiunganisha sauti za watu. Posa zilizopita sikioni mwangu zinafika elfu tisa. Ugomvi wa wachumba nilishaacha kuuhesabu. Kwa hiyo mambo ya mapenzi msinifundishe.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa barazani nanyoa ndevu, upande mmoja tayari, wa pili bado una povu. Mpwa wangu akaingia bila hodi. Huyu ni mtoto wa dada yangu, mwashi, mrefu, amenyooka, ndiyo maana mafundi wenzake wanamwita Timazi, kama ile kamba yenye kichuma wanayopimia ukuta. Alikuwa ameishika simu yake kwa vidole viwili, kana kwamba imemng'ata.

—Mjomba, ameniuliza.

—Nani kakuuliza nini?

—Dada Gundi. Soma mwenyewe.

Dada Gundi ana chumba cha kazi nyuma ya duka la madaftari. Anajalidi vitabu vilivyochakaa, hasa Biblia na vitabu vya nyimbo, na vidole vyake havikosi gundi, ndiyo asili ya jina. Timazi alikuwa ameitwa kule kuziba ufa ukutani. Kazi ya siku moja; akaifanya siku nne. Siku ya nne alikuwa anaupaka maji ufa ambao haupo tena.

Meseji ilisema: "Kaka, sitaki kupotezewa muda na sitaki kukupotezea. Ukiamka asubuhi, unaanza na nini?"

—Ulitaka kumjibu nini? nikamuuliza.

—Chai.

Nikamnyang'anya simu palepale, povu likadondokea kwenye kioo chake. Nikaandika: "Naanza na magoti, dada. Chai inafuata."

Jibu halikuchukua dakika: "Nimefurahi kuliko unavyojua."

Timazi alinitazama kama mtu aliyeuziwa shamba la jirani. Tuseme ukweli: kijana huyu wa miaka thelathini na sita alikuwa anaingia kanisani kwa harusi na mazishi tu, na kwenye mazishi alibaki nje na wapanga viti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajaona haja. Akaniambia ule ni uongo. Nikamwambia si uongo, ni ukweli ambao haujafika. Mke wangu alikuwa ndani, anasikia yote, hasemi neno. Hiyo ndiyo tabia yake ya hatari.

Kuanzia hapo nikawa ndiye mwandishi. Timazi anapita jioni akitoka kazini, ananiachia simu, mimi natunga. Nilimwandikia Dada Gundi kwamba fundi wake amefunga siku tatu huku anabeba saruji. Akauliza, "Siku tatu? Hata maji?" Nikajibu, "Maji nilinawa tu." Niliandika kwamba wakati wanapandisha boriti ghorofa ya pili kamba ilikatika, fundi akaomba, boriti ikasubiri hewani mpaka kamba nyingine ilipoletwa. Hapo hata mimi niliona nimeongeza chumvi, ila kidole kilishabonyeza.

Wiki ya tatu akapiga simu mwenyewe. Timazi akaweka sauti ya juu ili nisikie, mimi nikakaa tayari kumnong'oneza. Sikupata nafasi. Dada Gundi alisema yake bila kupumzika.

—Nikuambie kwa nini niliuliza lile swali. Wa kwanza aliyenichumbia aliniambia mimi ndiye kila kitu kwake. Nilijiona nimefika. Miezi minane baadaye nikaugua, nikakonda, nikawa sina mzaha tena, akaondoka. Kaka, mimi sitaki kuwa wa kwanza kwa mwanamume. Nataka Mungu awe wa kwanza, mimi nifuate. Kwa sababu siku nikikuchosha, na nitakuchosha, awepo wa kukushika usiondoke.

Miaka yote ile kwenye mitambo sijawahi kumsikia mwanamke anaomba nafasi ya pili. Timazi alisema tu, "Nimekusikia," na simu ilipokatika akaanza kujikwangua saruji kwenye kucha.

Dada Gundi alikuwa na desturi ya kwenda sala ya Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kazi. Jumatano iliyofuata Timazi naye akaenda. Sitaki kumpamba: alimfuata mwanamke. Nilimwonya kwamba nyimbo hazijui, ataumbuka. Akaenda hivyo hivyo, akawa anafungua mdomo nyuma ya wenzake kwa neno moja, kama mtu anayepokea simu ya mbali.

Wanaosali pale hawazidi wanane, wengi wazee. Mmoja ni bibi asiyeona. Siku hiyo, watu wanatoka, bibi yule aliunyoosha mkono akaushika wa Timazi, akidhani ni wa jirani anayempelekaga nyumbani, akaanza kutembea. Timazi hakuuondoa wake. Akampeleka. Njiani bibi akamuuliza anaitwa nani na angependa aombewe nini, na Timazi, ambaye mdomo wake mzito kama tofali bichi, akajikuta anamweleza mambo ambayo hata mimi mjomba wake sijawahi kuyasikia.

Jumatano ya pili akampeleka tena. Ya nne, Dada Gundi alikuwa amesafiri kupeleka vitabu vya watu. Timazi akaenda sala vilevile. Nikamuuliza anamwendea nani sasa. Akacheka kidogo, akasema hata yeye anajiuliza.

Halafu ikaja ile ya ukuta. Nilimkuta kwenye nyumba anayoijenga, ameshika nyundo, anaubomoa ukuta aliousimamisha mwenyewe juzi yake. Mwenye nyumba yuko mbali, hajui lolote. Nikamuuliza kama jua limemwingia kichwani.

—Saruji ilikuwa pungufu, Mjomba. Niliipunja mwenyewe ili tumalize mapema.

—Nani angejua?

—Ungesimama miaka mitatu. Mimi sitaki tena kujenga vitu vya miaka mitatu.

Akaniomba pia niache kuandika meseji. Nikamjibu sawa. Kusema sawa si kazi.

Jumanne moja mkandarasi mkubwa akamfuata. Kazi ya miaka miwili mji mwingine, malipo mara tatu, siku saba za wiki, Jumapili ndani yake. Timazi akasema atafikiri. Mimi nikaona hakuna cha kufikiri hapo. Nikamwambia Mungu hatahama, atamkuta palepale baada ya miaka miwili, na mfuko umejaa. Akaiacha simu yake kwangu ipate chaji, kwake umeme ulikuwa umekatika, akaenda kuoga.

Simu ya mtu iko mkononi mwangu, ina chaji, na mimi nina kipaji. Ningefanyaje?

Nikaandika: "Dada, Mungu amefungua mlango, nimepata kazi ya mbali. Usihuzunike. Soma ule waraka wa mtumwa aliyetoroka, sura ya nne, mstari wa kumi na moja: mwanamume na asafiri, naye mwanamke na amngoje kwa furaha."

Safari hii jibu lilichelewa saa nzima. "Nimesoma. Jumamosi saa tisa alasiri njooni kwenye chumba changu cha kazi. Wewe na mjomba wako."

Amejuaje kuna mjomba, sikujiuliza. Nilidhani anataka kujadili mahari.

Jumamosi njiani nilimweleza Timazi kuhusu ile meseji, ambayo nilikuwa nimeifuta kwenye simu yake. Alisimama katikati ya njia. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma.

—Leo namwambia yote, Mjomba.

—Utamkosa.

—Najua.

—Ngoja basi mfunge ndoa, umwambie taratibu.

—Sasa huyo Mungu nitakuwa nimemweka wapi? Kwenye simu tu?

Tulimkuta Dada Gundi amesimama nyuma ya meza yake. Juu ya meza Biblia kubwa ya kanisa imefumuliwa, imekuwa mafungu ya kurasa yaliyopangwa kwa mstari, pembeni sindano, uzi, na kopo la gundi. Akatuonyesha vigoda viwili. Nilikaa. Timazi hakukaa.

—Dada, kabla hujasema, nina langu. Zile meseji si zangu. Ni za mjomba. Siku uliyoniuliza naanza na nini, nilikuwa naanza na chai.

—Zote?

—Zote. Sijafunga siku tatu. Boriti haikusubiri hewani, kamba haikukatika.

Nikakohoa. Dada Gundi akatafuta fungu moja katika yale ya mezani, akalifungua, akalisogeza mbele yangu kwa adabu zote.

—Mzee, ule waraka wa mtumwa aliyetoroka huu hapa. Nimeushona kwa mikono hii mara nyingi sana. Nionyeshe sura ya nne.

Nikavaa miwani. Nikageuza. Nikageuza tena. Sura moja, mistari ishirini na mitano, basi.

—Labda hili ni toleo jipya, nikasema.

Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Timazi.

—Mimi nimejua tangu Jumanne; sura hiyo haipo, na mtaa mzima unajua nani kwenu ana kipaji cha kutunga. Nilitaka kuona leo utakuja na ukweli au utakuja na mjomba.

—Nimekuja na wote wawili.

Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia.

—Na kazi ya mbali unaondoka lini?

—Niliikataa Alhamisi.

—Kwa ajili yangu?

Hapo, wasomaji wangu, mtu mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nilimkanyaga mguu aseme ndiyo. Timazi akauondoa mguu wake.

—Hapana. Ningeikataa kwa ajili yako, leo ukiniacha ningemkimbilia mkandarasi kabla ya magharibi. Nilianza kusali kwa kukufuata wewe, hilo ni kweli, nisamehe. Lakini sasa hata ukinifukuza, Jumatano utanikuta pale. Bibi ananisubiri. Na mimi mwenyewe sijui kuishi tena kama zamani. Ukuta mmoja nimeshaubomoa. Huu wa uongo ni wa pili, na ulikuwa mrefu kuliko ule.

Dada Gundi aliusogeza ule waraka kando. Akachukua brashi, akapaka gundi mgongo wa kitabu kidogo kilichokuwa pembeni, akakiweka kwenye kibano cha mbao, akakaza.

—Umeniumiza, akasema. Nilizisoma zile meseji nikamshukuru Mungu, kumbe nashukuru kipaji cha mzee.

—Najua.

—Gundi hii inataka siku zake. Ukikigusa kitabu mapema kinafunguka. Nenda. Usiniandikie, na asikuandikie mtu.

Tukaondoka. Siku zile sikuandika hata orodha ya vitu vya dukani. Nilimwona mpwa wangu anakwenda kazini na kurudi, amekonda shingo, lakini jambo moja sitalisahau: hakurudi nyuma. Jumanne mkandarasi alimpigia tena, nikiwepo, akaongeza malipo. Timazi akamshukuru kwa heshima, akasema hapana, akaweka simu mezani, akafunga macho pale pale barazani kwangu. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Mimi nilikuwa najifanya nasoma gazeti.

Jumatano asubuhi alimkuta bibi mlangoni mwa kanisa kama kawaida. Mkono wa kulia wa bibi ulikuwa umeshikwa tayari. Dada Gundi alimwambia bila kumtazama:

—Wa kushoto uko wazi.

Wakampeleka bibi nyumbani wote wawili. Bibi yule alihadithia baadaye kwamba walitembea kimya mpaka dukani, na kufika kwenye mtaro walikuwa wanacheka.

Ndoa ilifungwa miezi mitano baadaye, Jumatano, mara tu baada ya sala ya asubuhi, watu wasiozidi arobaini. Timazi alishukuru kwa maneno machache: alimshukuru Mungu kwa kumpokea mtu aliyekuja kwa sababu mbovu, akamshukuru bibi kwa kukosea mkono. Dada Gundi alishukuru kwa kupewa mume ambaye yeye ni wa pili kwake. Watu wazima walilia, na mimi, ambaye silii, niliingiwa na kitu machoni, macho yote mawili.

Ndipo nikaombwa niseme neno kama mjomba. Nikasimama. Sijui nini kiliniingia. Nikawaeleza wageni kwamba yote haya niliyapanga mimi. Kwamba ile sura ya nne niliikosea makusudi, kwa hekima ya mitambo ya simu, ili ukweli utoke wenyewe. Kwamba waraka ule naujua kwa moyo.

Mke wangu, aliyekaa kimya tangu lile povu la ndevu, akainua mkono.

—Baba, kama unaujua kwa moyo, tusomee hata mstari mmoja.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema mstari ule mrefu, chakula kitapoa.

—Taja basi jina la huyo mtumwa.

Ukumbi ulicheka mpaka mchungaji akaegemea ukuta. Bibi harusi akanihukumu hapo hapo, kwa upole: kwa kuwa napenda Maandiko kiasi cha kuyaongezea, kila Jumatano baada ya sala nikae kwa bibi asiyeona nimsomee Biblia nzima, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka.

Ninalipa. Huu mwezi wa tatu, nimefika kwenye majina ya fulani akamzaa fulani, na nawaambia ni mengi. Ila nashukuru. Nilikuwa nimestaafu nikidhani kazi zimekwisha, sasa kuna nyumba moja ambapo nasubiriwa. Juzi nilichoka, nikageuza kurasa mbili kwa pamoja. Bibi aliuacha ufumaji wake mapajani.

—Kijana, akasema, umemruka baba yake.

Nikarudi nyuma, nikamsoma.