Skrini Haiposi

"Mama, sanduku lenu la posa hili hapa. Idrisa simtaki."

Mama yake Idrisa akaacha kupepeta mchele. "Warda, harusi Ijumaa! Mwanangu kakukosea nini?"

"Mashine imekataa."

Mashine yenyewe waliileta Kibiti wakubwa wa mradi. Walikivisha kikundi cha ngoma bangili za kupima mapigo ya moyo, ati wajue hisia za watu wanaotunga nyimbo pamoja. Mioyo ikienda sawa, skrini inawaka kijani, ikipishana, nyekundu. Warda akitunga na Mfaume, mpiga ngoma wa kikundi, kijani kitupu. Siku Idrisa alipokuja kumtazama mchumba wake, wakamvika naye kwa mzaha, wakampima na Warda. Nyekundu kama damu ya kuku.

"Dada, moyo wako uko kwa Mfaume," mtaalamu wa mradi akacheka mbele za watu. "Mashine haidanganyi."

Warda akaamini. Mtu ana tai, ana gari, utambishia nini?

Kutoka kwa mama mkwe akaenda moja kwa moja kwa Mfaume, akamkuta anawamba ngoma.

"Nimerudisha posa. Nimekuja kwako."

"Kwangu kufanya nini?"

"Kijani, Mfaume! Si ulikiona?"

Mfaume alicheka mpaka akakohoa. "Dada'angu, kijani nilikipata hata na babu Kondo, na meno hana! Tukipatia ubeti, moyo unaruka. Ubeti, Warda, siyo wewe. Mimi mke ninaye, yuko Mohoro."

Warda akampigia mtaalamu simu.

"Sisi tunapima tu, dada. Kuamua umeamua mwenyewe. Halafu mradi umeisha, tuko njiani kurudi Dar."

Ndivyo walivyo wakubwa. Wanakuchomea nyumba, kisha wanakuuliza kwa nini uliezeka makuti.

Warda akamwandikia Idrisa: "Nisamehe. Siku ile moyo ulinienda mbio kwa haya, ulivyonikazia macho mbele za watu. Nakupenda wewe."

Jibu likaja asubuhi: "Ijumaa iko palepale. Mpunga umeshatwangwa, ndugu wameshafika kutoka Chumbi. Namuoa Mwanamina wa Mtunda. Kikundi chenu nimekikodi. Uimbe na Mfaume, si mnapatana?"

Ijumaa Warda akasimama mbele ya ngoma. Mama yake Idrisa akamsogelea sikioni.

"Jina la bibi harusi ulitaje vizuri, mwanangu. Mwanamina. Watu wasije wakasikia la mwingine."

Warda akalitaja. Mara tatu, kama kiitikio kinavyotaka, na wanawake wakapiga vigelegele.