Pua ya Mama Akongo

Kila siku ya soko, Ekaju alitundika pazia la bluu kwenye ukuta wa duka la mkewe, hapo Busia, upande wa Uganda. Aliweka kiti mbele ya pazia. Halafu alitoa kamera kwenye mfuko wa ngozi, akaifuta vumbi, akasema taratibu, "Bwana, bariki kazi ya leo."

Mkewe Akwi, aliyekuwa akipanga chumvi na sabuni, alijibu, "Amina," bila kuinua kichwa.

Watu walikuja. Walikuja wachuuzi wa samaki kutoka Majanji, wakulima wa Lumino, walimu, na maharusi waliovaa viatu vya kuazima. Wengi walitaka picha ya familia nzima, kuanzia babu mpaka mtoto wa mgongoni. Picha hizo zilitoka vizuri. Kamera ya Ekaju ilikusanya watu ishirini bila kumwacha hata mmoja nje. Aliinunua kwa mpima ardhi mmoja, Mzungu, aliyekuwa akirudi kwao baada ya Uhuru. Ilikuwa kuukuu. Rangi yake nyeusi ilikuwa imebanduka pembeni, na mkanda wake umeungwa kwa kamba ya katani.

Shida ilikuwa moja: picha ya uso wa mtu. Hapo kamera ilimwaibisha.

Siku moja ya mwaka 1964, mtu mmoja alishuka kwenye baiskeli mbele ya duka. Alikuwa Ofwono, mkulima wa Iyolwa. Wiki mbili kabla ya hapo, Ekaju alikwenda nyumbani kwake kumpiga picha mama yake mzazi, Mama Akongo. Sasa Ofwono alitoa picha ile kwenye bahasha.

"Bwana Ekaju, hii picha iko na shida."

"Shida gani, ndugu yangu?"

"Angalia pua."

Ekaju aliangalia. Pua ya Mama Akongo ilijaa katikati ya picha kama kiazi. Masikio yalikuwa madogo, yamejificha nyuma. Paji la uso limebinuka mbele.

"Mama aliuliza, 'Huyu nani? Kiboko ametoka ziwani?'" alisema Ofwono. "Wajukuu wakacheka, na yeye akacheka. Lakini jioni nilikuta amegeuza picha, ameweka chini ya mkeka."

Ofwono akashusha sauti.

"Daktari anasema moyo wa mama umechoka. Hatuna picha yake ingine. Hata moja. Kama itabaki hii peke yake, watoto wa watoto wetu watajua pua, hawatajua mama."

"Nitampiga tena," alisema Ekaju. "Sitaki malipo."

"Amekataa. Anasema hiyo kamera haimpendi. Lakini jaribu, mimi nitamwomba."

Wakati huo Rasto alikuwa akipita. Rasto alikuwa mpiga picha wa upande wa Kenya, na alivuka mpaka kila siku ya soko. Kamera yake mpya iling'aa kifuani.

"Ekaju! Hiyo kamera yako bado inapumua?" aliuliza Rasto. "Kwa nini usiizike, bwana? Nunua mpya kama yangu. Inang'aa mpaka wateja wanachana nywele wakijiona ndani yake!"

Watu wa sokoni walicheka. Ekaju alicheka pia, lakini maneno yale yalimwingia.

Walipofunga duka alimwambia mkewe, "Mama Acen, nimeamua. Ile akiba tuliyoweka, nataka kuitumia kununua kamera mpya. Kuna moja dukani Tororo."

"Baba Acen, una hakika ubaya uko kwenye kamera?"

"Uko wapi basi? Si unaona ilivyozeeka?"

"Mimi pia nimezeeka," alisema Akwi, "lakini ugali wangu bado unaiva."

Ekaju alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Akwi akasema kwa upole, "Nenda Tororo. Lakini usinunue kabla ya kuuliza. Uliza mtu anayejua, halafu ununue."

Waliomba pamoja. Ekaju aliomba maneno machache tu: "Mungu wangu, yule mama asituache na ile picha. Nionyeshe njia."

Asubuhi alipanda basi mpaka Tororo. Duka la picha lilikuwa karibu na kituo cha gari la moshi. Ndani alimkuta Syprose, mwanamke wa makamo mwenye aproni iliyojaa madoa. Syprose alikuwa fundi wa kusafisha picha. Alijifunza kazi hiyo Kisumu, na sasa alishinda siku nzima katika chumba cha giza, akitoa picha za wapiga picha wote wa Tororo. Filamu za Ekaju pia zilipita mikononi mwake.

"Karibu, Bwana Ekaju. Leo umeleta filamu ngapi?"

"Leo sikuleta filamu, mama. Nataka kununua hiyo kamera mpya." Akaonyesha kabatini.

"Hongera. Kwa nini unaitaka?"

Ekaju alimwonyesha picha ya Mama Akongo. Syprose aliitazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Maskini mama wa watu. Ulisimama wapi ulipompiga?"

"Karibu. Hivi." Ekaju alinyoosha mkono mbele yake. "Nikisimama mbali, uso unakuwa mdogo mno."

"Lete kamera yako nione."

Syprose aliifungua kamera mgongoni. Alitazama ndani. Akabonyeza kitufe mara nyingi, akisikiliza kila mlio kama daktari anayesikiliza kifua.

"Kamera ina sehemu mbili kubwa," alisema. "Hii sehemu inayoshika filamu tunaiita bodi. Ndani yake kuna pazia dogo. Ukibonyeza, pazia linafunguka, mwanga unaingia, halafu linajifunga. Bodi yako haina ubaya. Pazia halikwami. Mwanga haupenyi pembeni. Lingekuwa linakwama na fundi ameshindwa, ningekuambia nunua bodi leo hii."

"Na sehemu ya pili?"

"Hiki kioo cha mbele. Lenzi. Hili ndilo jicho." Aliizungusha lenzi kama kifuniko cha chupa, ikatoka. "Uliwahi kuniambia yule Mzungu alikuwa akipima ardhi, sivyo? Alitaka kuona mto, daraja na kilima chote kwa mara moja. Kwa hiyo alinunua lenzi inayoona kwa upana. Ni nzuri kwa familia ya watu ishirini. Lakini ukitaka uso ujae kwenye picha, inakulazimu usogee mpaka karibu kabisa. Ukiwa karibu hivyo, pua iko jirani sana na kamera, masikio yako mbali zaidi. Kilicho karibu kinaonekana kikubwa. Ndiyo maana pua imevimba."

"Lakini kamera mpya..."

"Usiniamini kwa maneno. Kaa pale."

Ekaju alikaa kwenye kiti. Syprose aliirudisha lenzi ile pana kwenye kamera kuukuu ya Ekaju, akampiga picha kwa karibu. Kisha akatoa kamera mpya kabatini, akaifunga lenzi ile ile pana, akampiga tena. Mwisho alitoa lenzi nyingine, ndefu kidogo, iliyokwisha kutumika. Akaifunga kwenye bodi kuukuu, akarudi nyuma hatua tatu, akampiga mara ya tatu. Akaingia chumba cha giza.

Ekaju alingoja muda mrefu. Syprose alipotoka, aliweka picha tatu mezani. Alikuwa ameandika nyuma ya kila moja kwa penseli.

"Niambie, ipi ni ya kamera mpya?"

Ekaju aliziangalia. Mbili zilikuwa na pua ya kiazi, na pua hiyo sasa ilikuwa yake mwenyewe. Hakuona tofauti kati ya hizo mbili. Ya tatu ilikuwa safi. Alimwona mtu anayemjua, mtu ambaye Akwi humwamkia kila asubuhi.

"Hii nzuri," alisema bila shaka. "Hii ndiyo kamera mpya."

"Igeuze."

Ekaju aliigeuza. Nyuma iliandikwa: *Bodi kuukuu. Lenzi ndefu.*

Aliisoma mara mbili. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Kumbe ningenunua bodi mpya, ningekuwa na pua ile ile!"

"Pua ile ile, ndani ya kamera inayong'aa," alisema Syprose.

"Mama, na nikirudi nyuma na hii lenzi yangu pana? Nisinunue kitu?"

"Swali zuri. Pua itatulia. Lakini uso utakuwa mdogo kama punje ya mtama kwenye filamu. Nikiukuza, utatoka na chembechembe na hautakuwa wazi. Lenzi ndefu inakuacha usimame mbali, na bado uso unajaa. Ila ina masharti yake. Mkono ukitikisika kidogo, picha inaharibika. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Na usimpige mtu kwenye jua la mchana. Mtafutie kivuli chenye mwanga."

"Na lenzi pana niiuze?"

"Uiuze kwa nini? Familia za watu ishirini zimekwisha Busia?"

Ekaju alinunua lenzi ndefu. Akiba ilitosha, ikabaki na ya miguu mitatu na filamu. Alipotoka dukani alisimama kando ya barabara, akavua kofia. "Asante, Mungu wangu," alisema. "Asante kwa Akwi aliyenizuia. Asante kwa mama huyu."

Jumamosi alifika Iyolwa. Mama Akongo alikuwa amekaa kwenye kigoda, kwenye baraza la nyumba yake, amejifunika shuka. Alikuwa amekonda tangu siku ile.

"Umekuja na ile kitu yako?" aliuliza.

"Nimekuja nayo, mama. Na nimekuja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu."

"Mimi nasema hapana. Picha moja inatosha kunichekesha mpaka nakufa."

"Mama," alisema Ofwono, "mtu ametoka Busia."

"Na arudi Busia! Barabara si ile ile?"

Ekaju hakubishana. Alikaa chini, akamuuliza habari za kifua, za usingizi, za mihogo. Mama Akongo alijibu. Wajukuu walisogea. Baada ya muda yule mama mwenyewe akasema, "Haya. Piga upesi kabla sijabadilisha maneno."

Ekaju alisimamisha miguu mitatu, hatua tatu kutoka kigodani. Mama Akongo akakunja uso.

"Unakwenda wapi? Unanikimbia? Unasimama huko unanilenga kama askari wa wanyama?"

Ekaju alisita. Hapo ndipo alipoelewa kosa lake lote. Mama yake mwenyewe alimfundisha tangu utoto kwamba mzee haelekezewi kitu kutoka mbali. Unamkaribia kwa heshima. Kwa hiyo siku zote, alipompiga mzee picha, alisogea mpaka pumzi zao zikakutana. Heshima yake ndiyo iliyowaharibia wazee sura.

"Mama yangu, sikukimbii," alisema. "Jicho hili likija karibu linaona pua tu. Likirudi nyuma linakuona wewe mzima. Naomba ruhusa yako nikae hapa."

Akashusha miguu mitatu mpaka chini, akaketi mchangani, akawa chini kuliko kigoda. Mama Akongo alimtazama mtu mzima aliyekaa mavumbini na suruali yake ya kanisani.

"Mkeo atakupiga," alisema.

Wajukuu wakacheka. Uso wa yule mama ukalegea. Kivuli cha baraza kilikuwa na mwanga mzuri. Ekaju akabonyeza.

Filamu alimpelekea Syprose. Syprose aliitoa picha kwenye maji, akaitazama. Akampa Ekaju mkono.

Ekaju alirudi Iyolwa wiki iliyofuata, kamera begani. Njiani aliomba amkute hai, na alimkuta. Alikuwa ndani, amelala. Ofwono alimwinua, akamwegemeza ukutani. Ekaju alimpa picha kwa mikono miwili.

Mama Akongo aliisogeza kwenye mwanga wa mlango. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Kidole chake kilipita juu ya shavu, juu ya mdomo, juu ya makunyanzi ya macho.

"Huyu si mimi," alisema.

Ekaju alinyoosha mkono aichukue.

"Huyu ni mama yangu," alisema Mama Akongo. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Alikufa mimi nikiwa na mimba ya huyu Ofwono. Hakupigwa picha hata siku moja. Nilikuwa nimesahau mdomo wake. Angalieni! Hii ndiyo mdomo yake. Asante, Mungu. Asante, mwanangu. Umemleta nyumbani."

Wajukuu walijaa kitandani kumwona mama wa bibi yao. Ofwono alitoka nje kidogo, akarudi akiwa amefuta macho.

"Hii tutaweka ukutani," alisema.

"Hapana," alisema Mama Akongo. "Ukutani mtaweka mbili." Aliipokea picha kutoka kwa wajukuu, akaiweka kifuani, akajaribu kuketi vizuri. "Niletee kitenge yangu ya kanisani. Nimemwona mama. Sasa Ekaju anipige mimi."