Jina la Mstari wa Kwanza

Haya yalimpata jirani yangu wa hapa Duluth, Marekani, Signe Halvorsen, mtu asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. Asubuhi ile alifungua laptopu akijua atamaliza kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa akijenga programu ya kuamsha chombo kilichokaa ziwani, kinachosikiliza barafu na kupiga king'ora inapoanza kupasuka. Saa tisa mdogo wake, Leif, angetoka na wenzake kuvua juu ya barafu hiyo hiyo.

Programu hujengwa, yaani hugeuzwa kuwa amri za mashine, kwenye laptopu lakini huenda kufanya kazi kwenye chipu ya chombo, na chipu hiyo na ya laptopu haziongei lugha moja. Hapo ndipo balaa lilipo. Kila akijenga, kazi inakatika pale pale: faili moja halipo. Akafuta kila kitu, akaanza upya. Ikakatika. Kufika saa sita alikuwa anaitukana mashine waziwazi.

Basi akafanya lile ambalo mafundi wa kazi hii hulifanya wakichoka na hawalikiri: akachukua faili la jina hilo hilo la laptopu yenyewe, akalipachika. Kosa likanyamaza.

"Umeazima la laptopu?" Doreen, mfanyakazi mwenzake wa meza ya pili, akauliza kwa sauti ya chini. "We dada! Vipimo vyake si vya chipu ile. Chombo kitawaka vizuri tu, halafu barafu itapasuka kisisikie. Si ndivyo alivyofanya Harlan?"

"Harlan amekufa. Niache, nimechoka."

Harlan ndiye aliyeianza kazi hiyo. Alizama Februari, chombo chake kikiwa kimya. Mwili haukuonekana.

Signe akajenga tena ili aipakie kwenye chombo. Ikakatika. Faili aliloazima halipo. Akalirudisha. Likatoweka. Akalirudisha, akalifunga lisifutike, akalikazia macho. Likatoweka akilitazama.

"Doreen, acha utani."

"Mikono yangu hii hapa," Doreen akanong'ona, ameiinua.

Saa nane na nusu, ujenzi ukaanza wenyewe. Hakuna aliyegusa kitu. Mistari ikapanda. Haikukatika. Signe akaipakia programu kwa redio.

Saa tisa na robo king'ora kikalia. Leif na wenzake wakakimbilia ufukweni, barafu ikifunguka nyuma yao. Signe alilia kwa furaha na hasira.

Kisha akasoma yale ambayo chombo kiliandika kilipowaka. Mstari wa kwanza hutaja aliyeijenga programu, na saa. Ulisema: Harlan, leo, saa nane na dakika thelathini na moja.

Signe ameshaijenga upya mara tisa, kwa laptopu mpya, kwa jina lake mwenyewe. Saa hubadilika. Jina halijabadilika.