Rafiki Aliyenigongea Kengele

Kengele haikulia.

Nasema haikulia, jamani. Raundi ya tano, pambano langu la kwanza la kulipwa, dhidi ya bondia wa Kumasi, na mwili wangu wote unajua muda umeisha. Mikono ikashuka yenyewe. Nikageuza macho kwenye meza ya kengele...

Ngumi ile niliiona. Ilitoka Kumasi, ikapanda basi, ikateremka Accra, ikauliza njia, ikanikuta bado nashangaa meza.

Nilipozinduka, Wakumasi walikuwa wameshacheza ngoma mpaka wamechoka.

Mimi ndiye Odoi wa Bukom, mtaa wa mabondia hapa Accra. Kwenye ngumi za ridhaa niliwapiga watu sabini na mmoja, sikupoteza hata pambano moja. Kule ni raundi tatu tu. Unagusa, unahesabiwa pointi, unakwenda zako kula kenkey na samaki. Mtaa mzima ulijua nikiingia kulipwa, dunia imekwisha. Mama yangu alishaanza kuitikia salamu kama mama wa bingwa.

Wiki iliyofuata akaja kocha mpya, na saa yake mkononi.

Mgonga kengele wetu mazoezini alikuwa Lante, mshkaji wangu tangu tunalala mkeka mmoja. Akagonga, tukapigana. Akagonga tena, tukaacha.

Kocha akatazama saa.

"Hii ndiyo raundi yenu?"

"Ndiyo, kocha."

"Dakika mbili na sekunde kumi. Raundi ni dakika tatu, bwana. Hesabu mlisomea wapi?"

Nikamgeukia Lante.

"Wakumasi walikupa nini?"

"Odoi, nisikilize..."

"Mwaka mzima unanipa raundi nusu nusu. Walikupa nini?"

Akaweka kengele chini. Nikamtoa kwa vibao mpaka barabarani, mbele ya wauza samaki.

Nilipanda ulingoni mara tatu tena. Nikapigwa mara tatu. Pumzi sina, na woga umeshahamia ndani. Nikaishia kuziba matairi. Kila kijana wa Bukom akileta mkanda nyumbani, namchukia Lante upya. Miaka ishirini na sita, ndugu zangu wa ukurasa huu. Mama yake alipofariki nilipita pale msibani na redio begani, sauti juu. Makusudi kabisa.

Mwaka huu, asubuhi ya baada ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno na mwaka mpya, hodi mlangoni. Asubuhi ile humfukuzi mtu. Mnatakiana mwaka mwema, mnamaliza ya zamani.

Nafungua... Lante. Kichwa kizima mvi.

Mke wangu Dede akamwekea kiti kabla sijafungua mdomo.

"Karibu, shemeji."

"Usimkaribishe, huyo mla hongo."

"Asubuhi ya leo, Odoi? Huna haya?"

Nikakaa.

"Lante, nakutakia mwaka mwema. Sasa nitajie waliokulipa."

"Hakuna aliyenilipa."

"Tumezeeka, bwana. Uongo wa nini?"

"Ulikuwa unanitazama."

"Nani?"

"Wewe. Ukichoka, ngumi zikikuzidi, unageuza macho kwangu. Macho ya mtu anayezama. Ningefanyaje? Nagonga. Unacheka, unaninunulia samaki. Wenzako wakilalamika, unawaambia Lante hakosei."

Nikatafuta tusi. Nilikuwa nayo mengi, ya miaka ishirini na sita, yote yameiva. Likatoka swali.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Niseme mbele ya watu kwamba bingwa wa Bukom anaomba kengele? Bora vibao."

Dede akaangua kicheko, mwanamke yule.

"Si ndivyo alivyo? Siku ya kunichumbia, baba alipombana kwa maswali, huyu alikuwa anautazama mlango tu."

Msidhani hasira imeisha. Ipo, tena kali kuliko mwanzo. Imehama tu, sasa inakaa kwangu, na vibao sijui nivipeleke wapi.

Funzo lenu hili hapa. Anayekuachia kila ukichoka, muogope kuliko yule anayekupiga. Yule wa Kumasi alinipiga mara moja tu. Huyu wangu alinipenda mwaka mzima, raundi kwa raundi, mpaka nikawa si kitu.

Lante alikula kpokpoi ya sikukuu sahani mbili, jasho linamtoka, pumzi juu juu, tumbo limegoma kabisa. Akanyoosha mkono achukue ya tatu.

Nikaivuta sahani.

"Kwa nini, kaka?"

"Kwa sababu nakupenda," nikamwambia. "Ila mimi napenda vizuri."